Hema Lina Mlango Mmoja

Mwacha asili ni mtumwa, ndivyo tulivyofunzwa tangu tuko wadogo. Katika ukoo wa akina Noof mambo yalikwenda kinyume: mshika asili ndiye aliyekuwa hana raha mpaka ampate mtumwa wa kumnyooshea kidole.

Mshika asili mkuu alikuwa Ami Harub, kaka wa marehemu baba yake Noof kwa upande wa baba. Mzee wa miaka sabini na mitano, mstaafu wa wizara, kanzu yake haijui kunyanzi hata akishuka garini baada ya safari ya saa mbili. Zamani wizara ilimtuma Mongolia kwa siku tisa, akarudi Maskati na kofia ya manyoya na mapenzi yasiyo dawa. Kofia haikupata pa kuvaliwa. Mapenzi yalizaa kitabu: tarikhi ya watawala wa kale wa Wamongoli kwa Kiswahili cha Unguja, sehemu kumi, cha kusikilizwa, ili watoto wa ukoo wanaojua kuongea lugha na hawajui kuisoma wapate kitu garini badala ya nyimbo.

Kazi yake ya pili mwaka huo ilikuwa shajara ya ukoo, mti wa nasaba kuanzia babu wa mababu aliyevuka kwenda Unguja hadi kitukuu aliyezaliwa mwezi uliopita. Ingetundikwa nyumbani kwake Ansab siku ya Ijumaa, watu wale, waitazame, na sehemu ya kwanza ya kitabu isikilizwe siku hiyohiyo.

Msomaji wa kitabu alikuwa Noof. Ana miaka ishirini na sita, ana stashahada ya tafsiri na utangazaji, na kazi yake ni kusoma vitabu kwenye studio moja ya Ghubra, ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia. Ami Harub alimchagua mwenyewe, na alikuwa na haki ya kumchagua, kwani ndiye aliyempa kamusi yake ya kwanza na kumzoeza kulitafuna neno kabla ya kulimeza. Noof alimpenda. Hilo lijulikane mapema, kwa sababu mengi yanayofuata hayatafanana na mapenzi.

Jumatano asubuhi walikuwa wamebakiwa na kurasa kumi za sehemu ya kwanza. Nyuma ya kioo alikaa Omondi, fundi sauti, Mkenya wa Ugunja, si Unguja, mwenye masikio yanayosikia hata mtu akimeza mate.

"Dada Noof, rudia pale kwa yule mama wa nuru," alisema. "Kiti kililia."

Noof akarudia. Yule mama wa nuru alikuwa Alan Goa, na habari zake zilikuwa hivi. Mumewe, Dobun, alikutana njiani na fukara mmoja aliyekuwa anakufa njaa, akampa paja la paa, na fukara akamlipa kwa kumpa mwanawe awe mtumishi. Dobun akaja akafa. Aliacha wana wawili. Lakini mjane wake, bila mume, akazaa wana wengine watatu, na wa mwisho wao ndiye Bodonchar. Wale wawili wakubwa wakaanza kunong'onezana: humu hemani hamna mwanamume ila yule mtumishi, naye anaingia na kutoka. Mama yao akasikia. Akachemsha nyama ya kondoo iliyokaushwa, akawakalisha watano wote kwa safu, akampa kila mmoja mshale mmoja na kumwambia auvunje. Wakavunja. Akafunga mishale mitano pamoja, na hapo hakuna aliyeweza. Ndipo akawaambia kwamba kila usiku mtu wa rangi ya dhahabu, anayeng'aa, alikuwa akishuka na mwanga wa tundu la moshi, akimpapasa tumbo, na nuru yake ikizama ndani. Hawa ni wana wa mbingu, akasema, nanyi mnawasema kama watoto wa ovyo.

"Hiyo nuru ingekuja kwetu Ugunja," Omondi alisema, "ingeulizwa kitambulisho."

"Angalia mitambo yako, Omondi, uniache."

"Niko hapo hapo, mudiri."

Alimwita mudiri kwa utani, kwa kuwa mudiri wa kweli, mkurugenzi wa studio, hakuwahi kuonekana kabla ya saa tano.

Noof aliendelea. Alan Goa alipokufa, ndugu wanne waligawana ng'ombe, farasi na kondoo, na Bodonchar hawakumpa hata ukwato. Walisema ni mjinga, tena si wa kuhesabiwa. Akachukua farasi mwenye vidonda mgongoni na mkia uliokwisha nywele, akasema nikifa nimekufa, nikiishi nimeishi, akafuata mto Onon. Alijenga kibanda cha majani. Akamwona kozi jike akila ndege, akang'oa nywele za mkia wa farasi wake, akazifanya kitanzi, akamnasa, akamfuga. Kipupwe chote alikula mabaki ya mbwa mwitu, yeye na kozi wake. Masika mabata mwitu yalipofika, kozi aliua mengi hata miti ikanuka nyama. Jirani palihamia watu wasio na mkubwa, na kila siku Bodonchar alikwenda kwao kunywa maziwa ya farasi. Hawakumuuliza ni nani, wala mwana wa nani. Wakampa tu.

Hatimaye kaka yake mmoja alikuja kumtafuta. Wakirudi, Bodonchar akarudia maneno yaleyale mara tatu: mwili unataka kichwa, na joho linataka ukosi. Kaka akamuuliza maana yake. Akasema, wale watu walionipa maziwa hawana kichwa, twendeni tukawachukue. Wakaenda, wakawachukua, watu na mifugo na vyombo. Ndivyo alivyoanza kutawala, na kutoka kwake ukatoka ukoo ambao karne mbili na zaidi baadaye ulimzaa Chingis Khan.

"Kwa hiyo aliwanyang'anya waliomlisha," Omondi alisema.

"Ndiyo."

"Na huyo ndiye tunamsifu."

"Ami ndiye anayemsifu. Mimi nasoma."

Ndipo akafungua ukurasa wa arubaini na moja, uliohusu wana wa Bodonchar. Mke mkubwa alimzaa Habichi. Na yule mjakazi aliyekuja na mke mkubwa siku ya harusi, Bodonchar alimchukua pia, naye akamzaa Jeuredei. Baba akiwa hai, Jeuredei alihudhuria sadaka ya ukoo, ile ya kutundika nyama juu ya mti, ambayo asiye wa damu haisogelei. Noof alisoma mpaka hapo kwa sauti tulivu. Sentensi iliyofuata ilisema:

"Ama baba alipokufa nduguze walimwondoa kwenye sadaka, nao walifanya haki, kwani Jeuredei alikuwa mwanaharamu, mtoto wa mlango wa uani."

Noof aliishia hapo.

"Endelea, nimekupata vizuri," Omondi alisema. Akangoja. "Dada?"

"Omondi, neno mwanaharamu kwenu lina uzito gani?"

"Kwetu? Mtu akikukatia njia na gari ni mwanaharamu. Mbuzi akila sukuma wiki yako ni mwanaharamu."

"Kwetu likisemwa, watu wawili hawatazikana."

Omondi akakuna shingo. "Basi litoe. Lakini mimi kuna kitu kingine sielewi. Uani ni huko nyuma ya nyumba, si ndiyo? Kwenye ukuta, mahali mnapikia?"

"Ndiyo."

"Ukurasa wa sita ulisoma kwamba hema la Wamongoli ni la duara na lina mlango mmoja, unatazama kusini. Nakumbuka kwa sababu nilikata kikohozi chako hapo. Sasa huo mlango wa uani umetoka wapi?"

Aliuliza kama fundi, mtu aliyeona waya umechomekwa tundu lisilo lake. Noof alijua jibu. Mlango wa uani haukutoka Mongolia. Ulitoka Unguja, mtaa wa Malindi, nyumba ya Babu Badr, na Noof alikuwa akiusikia tangu ana miaka saba.

Babu Badr, baba yao akina Harub, alikuwa na mke wa kwanza, mama yake Harub. Mwaka sitini na mbili akaongeza wa pili, binti wa Makunduchi aliyekuja pale nyumbani kufua na kupiga pasi, jina lake Mahbuba binti Makame. Huyo ndiye bibi yake Noof. Mwaka uliofuata akazaliwa Yaqdhan, baba yake Noof. Na tangu siku hiyo, kwenye harusi, kwenye maziko, kwenye foleni ya kunawa mikono, palikuwa na mtu wa kusema chini chini kwamba mpishi wa nyumba ile, Feruzi, alikuwa akiingia na kutoka. Wakimtaja Yaqdhan, hawakusema mwana wa Badr. Walisema wa mlango wa uani. Wakadhani watoto hawasikii.

"Zima," Noof alimwambia Omondi. "Leo sisomi tena."

Nyumbani alimkuta bibi yake sebuleni, sinia mapajani, akichambua dengu. Bi Mahbuba ana miaka themanini na mmoja, na vidole vyake bado huliona jiwe kabla ya macho. Noof alimsomea ile sentensi. Hakutaka kumficha, na pia hakujua kuficha.

"Kaandika vile?" bibi aliuliza.

"Kaandika vile."

"Harub?"

"Harub, bibi. Kwa mkono wake."

Bi Mahbuba alitupa jiwe kwenye kifuniko cha birika. "N'nakwambia, ndoa yangu mie ilifungwa ukumbini, kadhi yupo, mashahidi wawili wapo, mlango wa mbele u wazi, mpita njia anatazama. Asubuhi yake nkaambiwa nipite uani, mama yake Harub asinione akaumia moyo. Nikasema haya, mwenzangu anaumia, nipite uani. Nkapita siku ile, nkapita ya pili, nkapita miaka miwili mpaka mavamizi ya sitini na nne yakatutoa sote kwa mlango mmoja. Ndo jina lilipotoka hapo. Ni kwa wema wangu."

"Na Feruzi?"

"Feruzi alikuwa akiingia na kutoka kwa kuwa alikuwa mpishi. Ulitaka apikie barabarani?"

Noof alicheka bila kutaka. Bibi hakucheka.

"Mie sitaki jina langu kwenye mti wao," alisema. "Mie namtaka Yaqdhan pale. Baba yako kafa kwenye mikono yangu anasema kaka yuko wapi, mwiteni kaka. Muandikeni mwanangu chini ya baba yake. Basi. Zaidi ya hapo sidai kitu."

Yaqdhan alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Siku tatu za tanzia Ami Harub alisimama mlangoni kupokea mikono ya watu, wakimwambia Mungu akupe subira kwa nduguyo, naye akiitikia amin. Noof aliyakumbuka hayo alipompigia simu alasiri ya Alhamisi.

"Ami, ukurasa wa arubaini na moja nnataka kurekebisha."

"Kuna kosa la chapa?"

"Kuna kosa la tarikhi. Masimulizi ya kale hayasemi Jeuredei alikuwa mwanaharamu. Yanasema nduguze walisema kuna mtu akiingia hemani, huenda ni wake. Huenda, Ami. Wewe umeliondoa huenda."

"Msomaji ni mdomo, mwanangu. Mdomo hauhariri."

"Na mlango wa uani?"

Noof akasikia kikombe kikiwekwa kwenye kisahani.

"Huo ni usemi tu."

"Usemi wa nani? Si wa Wamongoli."

"Noof. Kesho usilete hizo sauti zenu za mashine. Utasoma mwenyewe mbele ya watu, sauti hai ina baraka. Na utasoma kama nilivyoandika."

Ijumaa baada ya sala nyumba ya Ansab ilijaa. Wanaume upande huu wa sebule kubwa, wanawake upande ule, wajukuu kila mahali. Shuwa, nyama ya kuokwa ardhini, ilikuwa imetoka shimoni asubuhi na harufu yake imeshika hata mapazia. Watu walisogea ukutani mmoja mmoja kutafuta majani yao. Shajara ilikuwa nzuri, hilo Noof hakulikataa: imechapwa kwenye kitambaa cheupe, shina la kahawia, majani ya kijani, kila jani na jina lake kwa hati ya Kiarabu na chini yake kwa Kiswahili.

Akatafuta tawi la Badr. Majani manne: Harub, na dada zake watatu. Yaqdhan hayumo. Akarudia kutafuta, kama mtu anayepekua mkoba uleule kwa funguo ambazo anajua hazimo. Kisha akaona, chini kabisa, kando ya mizizi, kisanduku kidogo chenye kichwa kisemacho "Waliolelewa nyumbani". Ndani yake yalikuwamo majina sita ya watumishi wa zamani, Mungu awarehemu, na la saba lilisomeka: Mahbuba binti Makame, na mwanawe.

Na mwanawe. Mtu aliyeishi miaka sitini, aliyesomesha, aliyezika, aliyemuuguza huyohuyo Harub alipovunjika nyonga na kumbeba mgongoni kumpeleka msalani, leo hana hata jina. Ni herufi chache za kufungia mstari. Kama wangemwacha kabisa, Noof angeweza kusema wamesahau. Hawakusahau. Mtu alikaa, akafikiri, akampangia mahali.

Alimtazama bibi yake. Bi Mahbuba alikuwa ameketi kwenye zulia, mgongo umenyooka, sahani ya shuwa mbele yake imejaa kuliko za wenzake. Nyama hakuna aliyewanyima. Miwani yake alikuwa ameiacha nyumbani, na alikuwa anangoja mtu amwambie.

"Yupo?" aliuliza kwa midomo, bila sauti.

Noof alitikisa kichwa.

"Haya tulieni," Ghanim alisema. Ghanim ni mtoto mkubwa wa Harub, mhandisi wa maji, mtu mwema anayependa kila jambo liishe kabla chakula hakijapoa. "Noof atatusomea kitabu cha mzee. Simu zizimwe. Na wewe uliyeshika mfupa, uweke chini."

Noof akasoma, na alisoma vizuri. Kina mama walitulia kwa Alan Goa, na mmoja aliposikia habari ya nuru alisema, "Na iwe nuru, mwenzangu, tufanyeje," wengine wakaziba midomo kwa ncha za mitandio. Kwa kozi na farasi mwenye mkia wa upara hata wanaume waliacha kunong'ona. Ami Harub alikaa kwenye kiti chake cha mkono, macho amefumba, midomo ikifuata maneno yake mwenyewe.

Akafika ukurasa wa arubaini na moja. Akausoma kama ulivyoandikwa. Hakuruka neno. Alisema mwanaharamu, na alisema mtoto wa mlango wa uani, polepole, ili kila mmoja apate sehemu yake. Upande wa wanawake mtu alishusha pumzi. Bi Mahbuba hakutikisika.

Noof akakunja karatasi.

"Nna suali moja," alisema. "Hema la Wamongoli lina milango mingapi?"

Watu wakatazamana. Ghanim, aliyezoea kujibu akiulizwa, akajibu.

"Mmoja. Mzee kaandika mwenyewe, ukurasa wa sita. Unatazama kusini." Kisha uso wake ukabadilika, maana alikuwa amefika mahali ambapo jibu lake lilimfikisha.

"Basi huu mlango wa uani Ami kautoa wapi?"

"Noof," Ami Harub alisema, bila kufumbua macho.

"Si umenifundisha wewe, Ami? Ukikuta neno halina kwao, liulize limetoka nyumba gani. Hili nimeliuliza. Limetoka Malindi. Hukuwa unaandika habari za Jeuredei. Umekwenda Mongolia yote hiyo, miaka elfu nyuma, kumtafuta mtu wa kumfunika baba yangu."

"Kaa kitako."

"Nnakaa nikimaliza. Bodonchar mwenyewe walisema nini juu yake? Walisema ni wa mtumishi, anaingia na kutoka. Maneno ni yaleyale. Mama hana mume, nyumbani mna mtumishi. Yule ukampa nuru kurasa nne. Huyu Jeuredei, ambaye baba yake alikuwa hai na akimkalisha kwenye sadaka kwa mkono wake, ukampa uharamu kwa mstari mmoja. Ushahidi ni mmoja, Ami. Mbona hukumu mbili?"

Ami Harub alifumbua macho. Alikuwa mtu wa hoja, na hoja ikimgusa hujibu hata kama kimya kingemfaa zaidi.

"Kwa sababu yule alitawala," alisema.

Jikoni bomba lilikuwa linachuruzika, na mtu akalifunga.

"Ahsante," Noof alisema. "Kwa hiyo si damu. Ni nani kashinda. Baba yangu hakushinda kitu, alikuwa mwalimu wa hesabu, basi kaandikwa chini ya mizizi kama 'na mwanawe'. Siku tatu ulisimama mlangoni ukipokea mikono ya watu kwa ajili ya nduguyo. Ulikuwa unapokea kwa ajili ya nani?"

"Wewe hukuwepo," Ami Harub alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ufa. "Mimi nilikuwepo. Nina miaka kumi na mbili, nimelala chumba cha pili, namsikia mama yangu analia na kanga mdomoni ili watumishi wasisikie. Unajua wewe jambo hilo? Unajua?"

"Sijui. Na n'nakuonea huruma kwa hilo, wallahi. Lakini aliyemliza mama yako ni babu. Babu umemweka kwenye shina, kwa wino wa dhahabu."

Ghanim akasimama katikati, mikono amenyoosha kama anayezuia magari. "Jamani, jamani. Hili jambo dogo. Baba, jani moja tu, kitambaa kinachapwa upya, wiki moja. Noof, na wewe umepita kiasi, mzee huyu, mbele ya wajukuu wake. Sema samahani ami yangu, tule. Nyama inaganda."

Ami Harub alinyoosha mikunjo ya kanzu ambayo haikuwepo. Alipoongea, aliongea kama mtu aliyekuwa akitoa ruhusa ofisini kwa miaka thelathini.

"Sawa. Nitaliandika jani la Yaqdhan. Chini ya Badr, pamoja nasi. Lakini kwanza wewe utaniomba radhi, hapa, mbele ya hawa wote, kwa uliyoyasema. Nikiridhika, ataandikwa."

Macho yote yakamgeukia Noof. Mashangazi walimwashiria kwa macho wakimsihi: sema, mwanetu, ni neno tu, lina gharama gani. Na kweli lilikuwa pale, jepesi, tayari ulimini. Mambo yote aliyoyataka bibi yake yalikuwa upande wa pili wa neno hilo. Baba yake angekuwa na jani. Wajukuu wangelisoma wakasema huyu ni nani, wakaambiwa huyu ni Yaqdhan wa Badr.

Lakini lingekuwa jani la kuridhika kwa Harub. Angelitoa leo kwa kuombwa radhi, na kesho akikosewa angelichuma. Na kila atakayelitazama angejua kwamba liliota siku ambayo binti wa Yaqdhan alikiri kuwa amesema uongo.

Alimgeukia bibi yake, maana jani lilikuwa haja ya bibi, na asingeweza kulitupa peke yake.

Bi Mahbuba alikuwa amesukuma sahani kando. Alishika goti, akainuka kwa mara mbili, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono.

"Mie nimemuomba radhi mama yake," alisema, akimtazama Harub kwa macho yasiyo na miwani, "na dada zake, na yeye mwenyewe akiwa mtoto, kila siku nilipopita uani. Miaka sitini na mitatu sasa. Nilizoziomba mie zinatosha nyumba hii na ya jirani." Akavuta mtandio wake. "Noof, sema utakavyo. Mie nakusikiliza."

Ami Harub alikuwa bado anangoja, kichwa ameinamisha kidogo upande wa sikio lake zuri, kama aliyezoea kuombwa.

"Siombi radhi, Ami," Noof alisema. "Baba yangu ni mwana wa Badr ukimwandika na usipomwandika. Nililolisema ni kweli, na nimelisema kwa Kiswahili ulichonifunza mwenyewe. Siombi radhi leo, na usiningojee kesho."